Ruby na Sam: kisa cha pepo aliyefanikiwa kwa kusema ukweli

Kwa nini kisa hiki

Onyo mapema, kama hujamaliza msimu wa nne wa Supernatural, ile tamthilia ya Kimarekani, basi ishia hapa, maana nitamwaga kila kitu.

Karibu kila sizoni ya mapepo na majini ina mhusika wake wa kuchezea wenzake akili, na wengi wao unawashtukia episodi ya kwanza tu, sauti nyororo, jicho la pembeni, muziki unabadilika akiingia. Ruby hayuko hivyo. Alikaa na wale ndugu wawili wawindaji wa mapepo, Sam na Dean Winchester, misimu miwili, akawaokoa mara kibao, akapigwa kwa ajili yao, na ukirudia kuangalia ukiwa unajua mwisho unakuta huyu dada hakusema uongo mwingi kihivyo. Ndo maana nikitaka kumwonyesha mtu jinsi ulaghai unavyojengwa kwenye tamthilia nachukua hiki kisa, sio vile vya mashetani wanaocheka peke yao gizani.

Majina ya wahusika nayataja kwa kuwa ni watu wa kutungwa. Wale ninaoangalia nao nimewaficha, nikileta maoni yao nitasema "mmoja wetu" tu, na niliyebanana naye sana kuhusu hii stori ataelewa.

Usuli: nani alitaka nini, na alificha nini

Supernatural ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2005 ikaisha Novemba 2020, misimu 15, episodi 327, mwanzilishi wake ni Eric Kripke. Ndugu wawili, Dean mkubwa na Sam mdogo, wanazunguka na gari lao, Impala nyeusi ya 1967, wakiwinda mapepo, vizuka na kila kinachotafuna watu usiku. Mama yao alifia kwenye chumba cha mtoto tarehe 2 Novemba 1983, usiku ambao pepo mwenye macho ya njano, Azazel, alimdondoshea Sam damu yake mdomoni. Sam alikuwa na miezi sita. Hiyo damu ndo inampa nguvu baadaye na ndo inayomtia aibu maisha yake yote, ushikilie hapo kwenye aibu.

Mwisho wa msimu wa pili Sam anauawa. Dean anaenda njia panda (wenzetu nao wana njia panda zao, dili za roho zinafungwa palepale), anauza roho yake ili mdogo wake afufuke, anapewa mwaka mmoja wa kuishi. Msimu wa tatu wote ni mwaka huo unakatika.

Sasa wenye ajenda. Ruby anataka Lusifa atoke kwenye kizimba alichofungiwa kwa mihuri, na kuhusu hilo anamwambia kila mtu kinyume. Lilith, bosi wa mapepo, anataka hivyohivyo na yuko tayari kufa ili itimie. Malaika Zachariah na wakubwa zake mbinguni wanajitambulisha kama walinzi wa mihuri, kumbe wanautaka mwisho wa dunia nao, kwa hesabu kwamba wakishinda vita watabaki na peponi duniani. Castiel ni malaika askari, anatii amri bila kuambiwa plani nzima. Sam anataka kaka yake asife, na akishakufa anataka kisasi. Dean anataka mdogo wake asigeuke kitu ambacho itabidi yeye mwenyewe akiue.

Kuhusu mihuri: iko zaidi ya 600, ila ukivunja 66 tu kizimba kinafunguka. Wa kwanza unavunjika mtu mwema anapomwaga damu kuzimu. Wa mwisho ulikuwa Lilith mwenyewe, yaani kumuua yeye ndo kufungua mlango, na hilo kwa upande wa akina Winchester hakuna aliyelijua.

Mtiririko wa matukio

Ruby anaingia mwanzoni mwa msimu wa tatu, 2007, kwa kumuokoa Sam. Ana kisu kinachoua mapepo, yeye mwenyewe ni pepo, anapenda chipsi. Anamwahidi Sam kwamba anaweza kusaidia Dean asiende kuzimu. Huu ni uongo, na ajabu ni kwamba anaukiri mwenyewe baada ya episodi chache, ila hamkirii Sam, anamkiria Dean. Anamwambia kiutu uzima kabisa, siwezi kukuokoa, hakuna awezaye, nilimdanganya mdogo wako ili anisikilize, kwa hiyo msaidie ajiandae kupigana peke yake ukishaondoka. Anamweleza pia kwamba mapepo wote walikuwa watu zamani, kuzimu ndo inawabadilisha, na yeye aliwahi kuwa mchawi enzi za tauni. Kila neno kati ya hayo ni kweli. Na Dean anayabeba moyoni, hamwambii Sam haraka.

Kuna lile tukio la kituo cha polisi ambalo watu wengi hulipita. Ndugu wamezingirwa na mapepo wakiwa ndani na raia wachache, Ruby anakuja na uganga wake: kafara ya bikira, moyo unatolewa, mapepo wote wa eneo lile wanakufa, pamoja na yeye Ruby. Karani mmoja wa pale, binti mdogo tu, anakubali kujitoa. Dean anakataa katakata, wanatafuta njia nyingine, inafanya kazi, watu wanapona, kila mtu anashukuru. Baadaye usiku Lilith anafika kwa sura ya katoto ka kike anaua wote waliobaki mle ndani. Ruby anarudi kuwasomea matokeo ya huruma yao, kwa hasira ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa ya kuigiza. Angalia alichopata pale bila kulazimisha chochote: alijitolea kufa, alikataliwa, na ikaonekana yeye ndo alikuwa sahihi. Kuanzia siku hiyo Sam ana swali moja kichwani, je tukimsikiliza Ruby si watu wanapona?

Mei 2008 mbwa wa kuzimu wanamchukua Dean. Msimu ule ulikatwa ukabaki episodi 16 kwa sababu ya mgomo wa waandishi Marekani, na uliporudi wa nne Ruby akawa na sura mpya, Katie Cassidy ametoka ameingia Genevieve Cortese (huyu na Jared Padalecki anayecheza Sam walioana kweli 2010, kwa hiyo mkisema mapenzi yao yalionekana ya kweli, sawa, tunajua). Kwenye stori mabadiliko ya mwili yalitumiwa vizuri sana na hapa nataka nikae kidogo.

Sam amebaki peke yake. Anakunywa, anaenda njia panda kuomba abadilishwe na kaka yake, anakataliwa. Ruby anatokea kwenye mwili wa mwanamke mwingine akiwa na pepo mwenzake, wametumwa kumuua Sam, halafu Ruby anamuua yule mwenzake. Sam badala ya kushukuru anauliza huyo mwanamke uliyemvaa yuko hai humo ndani? Akijibiwa ndiyo anamwambia toka humo, kama huna mwili usio na mtu usirudi. Ruby anaenda hospitali anatafuta mgonjwa asiye na jina wala ndugu, aliyekuwa akipumulia mashine na ambaye roho imeshatoka, anaingia, anarudi kwa Sam na karatasi za hospitali mkononi kumthibitishia kwamba mle hakuna mtu.

Karatasi. Pepo kaleta karatasi. Hakubishana na maadili ya Sam hata kidogo, aliyatimiza, na alipoyatimiza yale maadili yakaacha kuwa kizuizi yakawa tiketi. Baada ya hapo wanalala pamoja, anamfundisha kutoa mapepo kwa akili bila kumuua aliyepagawa, na hili nalo ni jema kabisa ukiliangalia peke yake, maana kisu cha Ruby kinaua pepo na mwenye mwili wote wawili. Sam akitaka kukurupuka kwa Lilith ni Ruby anayemzuia, tulia, bado hujawa tayari.

Septemba Dean anarudi, kavutwa kuzimu na Castiel. Miezi minne ya duniani kule ilikuwa miaka 40. Anasema hakumbuki kitu, kumbe anakumbuka yote, aliteswa miaka 30 halafu akakubali kushika kisu kutesa wengine, na hapo ndo muhuri wa kwanza ulivunjika. Sam naye hasemi kuhusu Ruby. Dean anawafuma. Kuanzia hapo kila mmoja anamchunga mwenzake huku akificha lake.

Katikati ya msimu Ruby anajipeleka kwa Alastair, mtesaji mkuu wa kuzimu, anachanjwa kwa kisu chake mwenyewe ili mapepo na malaika wakutanishwe sehemu moja wagongane. Plani inafaulu, Dean anamshukuru kwa shingo upande. Episodi kadhaa mbele tunaonyeshwa kilichokuwa kinaendelea faragha: Ruby anajichana mkono, Sam anakunywa damu. Ndo siri ya nguvu zinavyokua, na siku hiyohiyo anamuua Alastair kwa akili tu.

Halafu Ruby anapotea. Simu hapokei. Sam yuko na arosto, anatetemeka, na kwenye purukushani moja anamrukia pepo shingoni na kunywa mbele ya Dean na Castiel.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Dean na mzee Bobby, mwindaji mwenzao, wanamfungia Sam kwenye chumba cha chuma na chumvi kilichoko chini ya nyumba ya Bobby, akae mpaka damu imtoke. Anapiga kelele, anaona watu wasiokuwepo, mama yake, na yeye mwenyewe akiwa mtoto. Bobby anauliza swali gumu, kama huyu ndo anaweza kumuua Lilith na dunia inaisha, hatukosei kumfungia? Dean anasema bora afe akiwa mtu. Ni uamuzi wa upendo, sibishi, ila aliufanya juu ya Sam, hakuufanya na Sam. Wakati huohuo anaapa kuwatumikia malaika kwa kuwa Castiel amemweleza kwamba Sam akiendelea hivyo ataishia kuwa kiumbe cha kuwindwa.

Usiku Castiel anafungua mlango wa kile chumba. Kaamriwa. Haelewi kwa nini, na usoni anaonekana hapendi, lakini anafungua.

Sam anaenda kwa Ruby. Dean anawakuta hotelini, anataka kumuua Ruby, Sam anamzuia, kaka na mdogo wanapigana mpaka Sam anamkaba Dean koo. Dean akiwa chini anamwambia ukitoka mlango huo usirudi tena. Ni maneno ya marehemu baba yao siku Sam anaenda chuo, na Sam anatoka tena.

Ruby ana plani tayari: kuna nesi wa wodi ya wazazi aliyepagawa, anaiba watoto wachanga kwa ajili ya Lilith. Wamkamate, aseme Lilith alipo, na damu yake yote inywewe, maana ya Ruby peke yake haitoshi tena. Wanamkamata, anasema. Wanamtia kwenye buti ya gari. Njiani pepo anajificha ndani ya yule mama anamwachia mwenyewe atoke juu, na sasa kwenye buti kuna mwanamke wa kawaida analia anaomba asiuawe, hajui hata kafikaje pale. Sam anasita. Kwa mara ya kwanza Ruby anaonekana kukereka, muda hautoshi.

Dean kwa upande wake ametulia hasira akampigia Sam akaacha meseji ya sauti. Anasema bado nimekasirika na kipigo unastahili, ila sikupaswa kusema vile, mimi sio baba, sisi ni ndugu, samahani. Sam anaisikiliza pale pembeni ya gari. Anachosikia ni sauti ya Dean inamwita jitu, mnyonya damu, na kumtahadharisha kwamba kumuokoa imetosha. Tamthilia haionyeshi mkono ulioibadilisha meseji, lakini Dean muda huo alikuwa kwenye chumba kizuri cha malaika, bia na baga mezani, amefungiwa na Zachariah. Sam anafuta machozi, anamwambia Ruby fanya.

Matokeo

Zachariah anamwambia Dean ukweli wote kwa kujiamini, kwamba hawana nia ya kuzuia chochote. Castiel hatimaye anageuka, anamfukuza Zachariah kwa alama ya damu ukutani na kumtuma Dean kanisani, kwenye nyumba ya zamani ya watawa huko Maryland. Dean anafika, Ruby anamfungia mlango usoni. Sam anasikia sauti ya kaka yake anataka kugeuka, Lilith anamcheka kwamba kajigeuza jitu halafu hang'ati. Anamuua. Damu ya Lilith inatambaa sakafuni inachora duara.

Hapo Ruby anafurahi mpaka anatoa machozi. Anamweleza Sam kwamba hata mapepo wenzake hawakujua, Alastair hakujua, ni Lilith peke yake. Na kwamba damu haikuwa ya lazima, nguvu alikuwa nazo siku zote, yeye alimwekea machaguo mbele na Sam akachagua kila mara. Dean anavunja mlango, Sam anamshika Ruby mikono kwa nyuma, Dean anamchoma kwa kisu chake Ruby mwenyewe. Lusifa yuko njiani. Episodi hii ilirushwa tarehe 14 Mei 2009.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mmoja wetu anashikilia kwamba damu ndo kila kitu, Sam alikuwa teja na teja haamui. Naelewa anapotokea, na waandishi wenyewe wamechora arosto vizuri kuliko tamthilia nyingi zinazojiita za madawa. Lakini damu imekuja kumkuta Sam yuko ndani tayari. Kilichomwingiza ni kwamba Ruby alikuwa mtu pekee duniani ambaye Sam hakuhitaji kumficha kitu. Dean akisikia kuhusu nguvu anakunja uso. Malaika wanamtukana. Ruby anazijua, hazimtishi, anasema ni kipaji. Mtu aliyebeba aibu tangu ana miezi sita, ukimpa sehemu moja tu ambapo ile aibu haipo, atarudi hapo hata bila kiu.

Na kila siri iliyokuwa kati ya ndugu ilikuwa mtaji kwa Ruby. Hakuhitaji kuwachonganisha. Angalia tena alivyomwambia Dean ukweli kuhusu kuzimu, alimpa kitu cha kumficha Sam, akaondoka. Dean alipoficha yaliyompata huko, Sam akakosa mtu wa kumwambia naye nimeharibikiwa. Ruby alikaa tu katikati ya hao wawili wasioambiana.

La pili ni gharama. Kafara ya kituoni, karatasi za hospitali, kisu cha Alastair, zote zilikuwa gharama halisi, aliumia kweli. Watu tumezoea kumpima mkweli kwa maumivu yake, aliyeumia kwa ajili yangu ananipenda. Ruby aliumia kwa ajili ya Lusifa, na kwa nje haina tofauti.

La tatu, na hapa ndo namnyima sifa kidogo, bila mbinguni asingefika. Chumba cha chuma kilikuwa kinafanya kazi. Meseji ya Dean ingefanya kazi, Sam alikuwa anatafuta sababu ya kumfungulia yule nesi. Mara zote mbili plani ya Ruby ilikuwa imekufa, na mara zote mbili ikafufuliwa kutoka upande wa malaika, na hakuna hata ushahidi kwamba Ruby alifahamu kuwa wanamsaidia. Kwenye lile kanisa anajisifu kama kazi yote ni yake. Sio kweli.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kwa Dean kosa halikuwa kumchukia Ruby, alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Ila kila alipokuwa sahihi aliongea kama baba yake, na Sam alishajifunza zamani kutoroka hiyo sauti. Unaweza kuwa na taarifa sahihi ukaifikisha kwa namna inayomsukuma mtu kwa adui.

Kwa Sam, kuna swali moja ambalo hakuwahi kuuliza kwa msimu mzima: tukishamuua Lilith, wewe Ruby unapata nini? Aliuliza uzima wa mwili aliouvaa, aliuliza mbinu, aliuliza Lilith yuko wapi. Faida ya Ruby hakuigusa, kwa sababu aliichukulia kuwa ni upendo.

Castiel anastahili lawama kuliko mashabiki wengi wanavyokubali, mimi nikiwemo maana nampenda. Kufungua mlango kwa amri usiyoielewa ni kushiriki, na alichofanya baadaye kwa Dean hakifuti ule usiku, kinaonyesha tu kwamba uwezo wa kukataa alikuwa nao tangu mwanzo.

Na Ruby mwenyewe? Kosa lake ni dogo la kibinadamu kabisa, alitaka asifiwe. Kazi imeisha, mlango unafunguka, angeweza kuondoka. Alikuwa amebeba siri ile yeye na Lilith tu, akiitwa msaliti na mapepo wenzake, na sasa ana mtu mmoja wa kumweleza alivyokuwa hodari, huyohuyo aliyemlaghai. Alibaki kuelezea mpaka Dean akaingia na kisu.